Kitufe Chekundu

Mota ilizimika saa nne usiku, katikati ya ubao.
Haikupiga kelele. Ilinguruma chini kwa chini
kama mchukuzi aliyeona haya kulikataa gunia,
kisha harufu ya waya moto, kisha *tk*,
na gereji ikabaki na mlio wa hita peke yake.

Nje, theluji ya ziwani. Erie, mwezi wa pili, Jumatano.
Ndani, mimi na mwaloni mweupe, unene inchi mbili na robo,
na meza niliyoiahidi kwa harusi ya Asende Jumamosi.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Hakikushika.
Nikabonyeza tena, na tena,
kama mtu anayebisha mlangoni kwa mdeni wake.
Nikaitukana mashine: nimekununua dola mia mbili na arobaini
umepakwa rangi kuficha uzee,
wewe ni wa msonobari, wewe ni wa fremu za picha!

Gorski wa jirani akaingia na kofia yake ya sufu.
Miaka thelathini na mmoja alifunga mota za treni,
lakini mota hakuigusa.
Aliinama juu ya msumeno, akapitisha ukucha menoni
kama mama anayetafuta chawa.
"Meno sitini," akasema. "Haya ya kukata. Wewe unapasua."

Nikaona aibu, mimi, mwana wa mpasua mbao.
Kukata ni kuvuka barabara.
Kupasua ni kuifuata hadi iishe,
na unga wote wa njiani lazima upate pa kwenda.
Meno yakisongamana, unga hauna mfuko:
unasagwa palepale, unachemka,
ulimbo unaganda mgongoni mwa chuma,
na mota, isiyojua neno *basi*,
inaomba umeme zaidi.

Inauomba wapi? Gorski akaufuata waya kwa kidole:
mwembamba, rangi ya chungwa, futi hamsini,
waya wa taa za Krismasi,
na hita nayo ikinywa tundu lilelile.
Koo jembamba, njaa kubwa.
Kadiri inavyonyimwa, ndivyo inavyovuta;
kadiri inavyovuta, ndivyo inavyoungua.

Halafu ubao wenyewe. Tulipouchomoa,
mpasuko ulikuwa umefumba mdomo.
Mti huu ulikua kwenye mteremko,
miaka themanini ukijizuia usianguke,
na nguvu ile haikufa ulipoangushwa.
Imelala ndani ya nyuzi.
Ukiifungua, inarudi ilikotaka kwenda siku zote
na kuubana msumeno mbavu zote mbili.

Baba alitembea na kabari mfukoni.
Yeye juu ya gogo, M'munga shimoni chini, unga machoni.
Chuma kikibanwa, M'munga alipiga mluzi, Baba alishuka,
kabari iliingia, tumbaku ilitoka.
Hakuna aliyeita hiyo hitilafu.
Ilikuwa sehemu ya kazi, kama mate.

Mimi natoka kiwandani saa tisa,
naingia kingine saa kumi na moja.
Hilo sikumwambia Gorski.
"Acha ipoe," akasema, akinitazama mimi.

Tukazima hita. Tukakaa juu ya ndoo, pumzi zikitoka nyeupe,
tukinywa chai yangu ya tangawizi
ambayo alisema ni kali, akaongeza.
Akaleta waya mnene na msumeno wa meno ishirini na manne,
mpya, bado una mafuta.
Kinolewacho hupata, Baba angesema.
Gorski alisema tu, "Nusu kina kwanza. Halafu geuza."

Dakika ishirini na tano. Kitufe kikashika kwa kidole kimoja.
Nikasukuma taratibu, nikisikiliza;
sauti ikishuka, mkono unasubiri.
Nyuma ya meno, Gorski akachomeka kabari.

Ubao ulitoka umepinda upana wa kidole.
Nimeuegemeza ukutani umalize kusema yake.
Ukigoma kunyooka,
Jumamosi tutatandika kitambaa.